Fomu ya Dakika Tano

Jumatatu ya kwanza ya muhula, duka la kutoa nakala lililo mkabala na lango la chuo hugeuka mzinga wa nyuki. Mashine tatu zilikuwa zikinguruma kwa pamoja na kutema karatasi zenye joto. Wanafunzi walisukumana huku wameinua flashi zao juu ya vichwa. Na mwenye duka, mzee mwenye miwani jozi mbili, moja machoni na nyingine utosini, alipokea kazi za watu kumi bila kumtazama hata mmoja usoni.

Kwenye kona ya kaunta alisimama mwanamke wa miaka thelathini na minne. Gauni lake la rangi ya majivu lilipigwa pasi hata mikunjo yake ikawa mikali kama kingo za bahasha, na mkoba wake wa ngozi ulishiba mpaka kifungo kikakataa kufunga. Ndani ya mkoba huo mlikuwamo tafiti kumi na nne kutoka nchi kumi na moja, zote zikiuliza swali moja: watoto wadogo wasiofanana, anayesikia na asiyesikia, anayekimbia na anayetambaa, mwenye lugha ya hapa na aliyeletwa juzi na lugha ya mbali, wawekwe vipi katika darasa moja pasipo hata mmoja wao kuwa mgeni humo? Mwanamke huyo alikuwa mtafiti wa elimu ya awali. Alikuwa amerudi kutoka masomoni ughaibuni mwaka mmoja tu uliopita, na katika mwaka huo watu waliokuwa wamebisha hodi mlangoni kwake walikuwa wawili: fundi bomba, na fundi bomba tena.

"Jamani, nani amechukua uso wangu?"

Sauti ilitoka nyuma yake, nzito, ya mtu asiyeona haya kuchekwa. Foleni nzima ikaangua kicheko.

"Sitanii! Nimetoa nyuso ishirini na sita. Nimepewa ishirini na tano, na karatasi moja yenye vijisanduku. Mwenye vijisanduku ni nani?"

Mtafiti akapekua bunda lake. Katikati ya fomu mia mbili akakuta mchoro wa uso wa mtoto aliyenuna, mashavu yamevimba, nyusi zimegongana.

"Uso wako huu hapa, kaka," akasema. "Umenuna."

"Huo wa kununa ndio wenye kazi kubwa, dada. Wa kucheka kila mtoto anao."

Alikuwa mwanamume mpana wa mabega, na juu ya shati lake alivaa kizibao cha kitambaa kigumu chenye mifuko kumi na mmoja, kila mmoja umetuna kwa vitu: chaki, vifungo, kamba, mkasi usio na ncha. Aliinua ile karatasi ya vijisanduku na kuisoma kwa sauti. "'Kila baada ya dakika tano: mtoto yuko wapi? Yuko na nani?' Lo! Hii ni fomu ya polisi?"

"Ya utafiti."

"Tofauti yake?"

"Polisi hukuuliza maswali. Sisi tunatazama tu."

Akamtazama kidogo, kama anayepima uzito wa jibu hilo, kisha akatabasamu. "Basi njoo utazame darasa langu. Mimi ni mwalimu wa chekechea."

"Wewe?"

"Nimezoea. Watu huitazama mikono yangu, kisha hutazama vile viti vyetu vidogo, kisha huitazama mikono tena. Nina watoto ishirini na sita, na hakuna hata wawili waliofanana."

Shule tatu zilikwisha kumkatalia mtafiti kwa barua zenye adabu. Mwalimu akachukua ule uso ulionuna, akaandika namba ya simu nyuma yake, akampa. "Ukikataliwa na shule ya nne, utazame uso huu. Kisha unipigie."

Hakuingoja shule ya nne. Alipiga Jumatano.

*

Asubuhi moja ilitosha watoto kumbatiza mtafiti jina. Mwalimu wao walimwita Mifuko. Yeye wakamwita Bi Kalamu. Waliketi kwenye mikeka katika chumba chenye dirisha moja kubwa upande wa mashariki, na sakafuni palikuwa na mistari ya chaki ya njano ambayo mtafiti aliidhania ya mchezo.

Kazi yake ilikuwa na sheria kali, aliyoichukua kutoka katika utafiti mmoja mashuhuri wa ng'ambo. Chagua mtoto. Kila baada ya dakika tano inua macho, mtazame yeye peke yake, andika alipo na aliye naye, kisha teremsha macho. Usicheke naye. Usimsaidie. Usiulize kitu.

Mtoto wa saba katika orodha alikuwa binti wa miaka mitano aliyezaliwa bila kusikia, mwenye kifaa cha rangi ya zambarau nyuma ya sikio. Wenzake walimwita Bibi Saa. Mtafiti hakujua kwa nini, maana hakuuliza. Alimwona tu: amekaa kwenye kigoda chini ya dirisha, hatua tano kutoka mkeka wa karibu, mikono magotini. Dakika tano zikapita. Akainua macho: chini ya dirisha, peke yake. Zikapita tano nyingine. Peke yake.

Ughaibuni alikula chakula cha mchana kwa majira matatu ya baridi kwenye meza ya watu nane, na viti saba vikabaki vitupu. Hakuna aliyemtukana. Watu walimpisha tu, kwa heshima kubwa, kama unavyokipisha kitu kilichopakwa rangi mbichi. Kwa hiyo mkono wake haukusita juu ya karatasi. Hali ile aliijua vizuri.

Jambo jingine moja lilimshangaza, naye akaliandika pembeni: "Watoto hukusanya vifaa kwa wakati bila kuamriwa. Nidhamu ya ajabu." Akamstahi mwalimu zaidi.

Na kumstahi huko, kidogo kidogo, kukaota mizizi mahali pengine. Jioni simu ililia.

"Halo, Bi Kalamu. Leo umenitazama mara ngapi?"

"Fomu haina safu ya mwalimu."

"Basi fomu hiyo ina kasoro. Mimi nimekutazama mara kumi na nne, na sikuwa na karatasi."

"Mifuko, usinichekeshe. Mpaka fomu ya mwisho ijazwe, wewe ni mwalimu na mimi ni mtafiti."

"Na ikijazwa?"

"Ikijazwa, utaniuliza tena."

"Nitakuuliza. Kuuliza si ujinga, na mimi sioni haya. Umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

Akatazama sahani yake: kipande cha mkate, na yai lililokauka pembeni. "Chakula," akajibu, na mwalimu akacheka mpaka akakohoa. Simu ilipokatwa chumba kilirudi kuwa kilekile, kikombe kimoja, kijiko kimoja, dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Lakini kwa muda wa nusu saa hivi ukuta ule ulionekana kuwa na rangi.

Fomu ya mwisho ilijazwa Ijumaa ya wiki ya sita. Langoni alimkuta mwanamume aliyevaa shati jeupe lenye kola ngumu, akampita.

"We! Unanipita kama mlingoti?"

Akageuka. "Umekiacha wapi kizibao?"

"Nimekuja mikono mitupu, nione kama nitapokelewa."

Walitembea hadi bustani ya mji, wakanunua karanga kwenye kifuko cha gazeti, wakaketi kwenye benchi ambalo kwa mara ya kwanza halikuelemea upande mmoja. Alimsimulia yale majira matatu ya baridi. Alimsimulia hata rangi ya mapazia ya bweni. Mwalimu alisikiliza bila kumkatiza, kisha akasema, "Kizibao changu kina mfuko mmoja mtupu. Wa kushoto, wa juu. Watoto wote wanajua hauwekwi kitu."

"Wa nini?"

"Nilikuwa sijui. Nadhani ni wako."

Mtafiti akapekua mkoba, akatoa kipande cha penseli ya kijani kisichozidi kidole gumba, akakiweka kiganjani mwa mwalimu. Hakuwa na kingine.

*

Ilikuwa ada ya kazi yao kwamba shule hupewa ripoti kabla ya dunia. Mwezi na nusu baadaye mtafiti alimpelekea Mwalimu Mkuu nakala yenye kurasa arobaini. Mwalimu Mkuu alikuwa mama mwema, mwoga wa makosa, aliyependa karatasi kwa sababu karatasi haibishani. Alisoma hadi ukurasa wa kumi na mbili, akakoma hapo.

"Mtoto wa saba," ukurasa ulisema, "alikutwa peke yake mara thelathini na moja kati ya arobaini. Mtoto huyu amewekwa darasani, hajajumuishwa."

Jina halikuandikwa. Lakini mtoto mwenye kifaa sikioni shuleni pale alikuwa mmoja. Siku ya tatu Mwalimu Mkuu alimwita nyanya yake, ambaye ndiye aliyekuwa akimlea, akamweleza kwa upole mwingi: mwisho wa mwezi binti ahamishiwe shule ya bweni ya watoto wasiosikia, safari ya nusu siku, kwa faida yake mwenyewe. Nyanya hakujua kusoma takwimu. Alikunja leso yake mara nne, akaikunjua, akaikunja tena.

Jioni hiyo simu ililia kama kawaida, ila "Halo, Bi Kalamu" haikusikika.

"Ukurasa wa kumi na mbili umeuandika wewe?"

"Mimi. Mbona sauti yako—"

"Bibi Saa anahamishwa."

Mtafiti akakaa kitandani. "Sikusema ahamishwe! Soma ukurasa wa thelathini na nane. Nimependekeza darasa liongezewe msaada."

"Mwalimu Mkuu hakufika huko. Aliishia kwenye thelathini na moja."

"Basi mweleze."

"Nimemweleza tangu asubuhi. Ananiambia natetea darasa langu, na karatasi haina upande. Kila jioni tulizungumza. Ulinihadithia hata mapazia. Mtoto huyu mbona hukunitajia hata siku moja?"

"Taratibu haziruhusu. Ningekuuliza, ningeharibu matokeo."

"Basi matokeo yako ni mazima. Hongera."

"Mifuko, usinisemeshe hivyo. Nilimwona kwa macho yangu!"

"Uliona alipokaa. Hukuona anafanya nini hapo."

"Anafanya nini? Niambie!"

"Nikikwambia utaandika, 'Mwalimu anadai.'" Sauti yake haikupanda; kama ingepanda, isingeuma hivyo. "Wiki sita ulikuwa umbali wa hatua tatu kutoka kwangu, dada. Ulikuwa na mdomo."

Alikuwa hajamwita dada tangu siku ile ya duka la nakala. Simu ikakatika.

*

Upweke wa zamani ulikuwa nguo aliyoizoea. Huu uliorudi ulikuwa nguo ileile baada ya kuivua: ulibana mahali papya. Alipiga simu mara nne, haikupokelewa. Mara ya tano hakupiga. Kazini aliketi kati ya madawati mawili ya watu waliokuwa likizo. Jumapili mchana, bila kukusudia, alijikuta amechukua fomu moja iliyobaki, ameweka saa mbele yake, na anaijaza.

Saa saba kamili: mezani, peke yake. Saa saba na dakika tano: mezani, peke yake. Saa saba na dakika kumi: dirishani, peke yake.

Alipofika saa nane akapokea simu kwa pupa kabla haijalia mara ya pili.

"Nani huyo amekufanya upokee haraka hivyo?" Alikuwa dada yake mkubwa, mshonaji, mama wa wanne, ambaye hupiga simu huku cherehani inakwenda. "Maana mimi sijawahi kupata heshima hiyo."

"Dada, shikamoo."

"Marahaba. Sauti imelowa. Kuna nini?"

Akamweleza yote. Cherehani ikasimama, jambo ambalo halikutokea hata siku ya msiba wa shangazi.

"Ngoja nielewe," dada akasema. "Mtoto alikaa chini ya dirisha siku thelathini."

"Ndiyo."

"Na wewe hukumuuliza mtu yeyote kwa nini."

"Utafiti hauendi hivyo, dada."

"Mdogo wangu, mimi sina shahada hata ya kuokota. Lakini mteja akija na gauni limembana kwapani, simpimi halafu nikanyamaza. Namwambia, inua mkono mama, wapi panauma? Futi yangu haijui panapouma." Cherehani ikaanza tena, polepole. "Hao Wazungu wako waliotunga hiyo karatasi ndio waliokukataza kuuliza?"

"Si Wazungu tu, ni nchi kumi na moja."

"Haya, nchi kumi na moja. Zote zilikukataza?"

Alifungua mdomo aseme ndiyo, kisha akautazama mkoba wake.

Baada ya simu alitoa ule utafiti mashuhuri kutoka mkobani. Alikuwa ameusoma mara tisa, na ukingo wa kila ukurasa ulijaa maandishi yake. Kila ukurasa isipokuwa zile za mwisho. Kiambatisho cha tatu kilikuwa cheupe kama kilivyotoka mashineni. Akakisoma amesimama. Watunzi walieleza kwa unyenyekevu kwamba fomu yao hupima umbali kati ya miili, wala haipimi zaidi ya hapo. Waliitumia wao wenyewe katika shule moja, wakakosea. Kwa hiyo walimsihi yeyote atakayeiazima: kabla hujaandika kwamba mtoto yuko peke yake, waulize wanaoishi naye; na ikiwezekana, nenda ukae pale anapokaa.

Alikaa chini. Walimu wake wa mbali walikuwa wamemwambia kila kitu, hata makosa yao. Yeye ndiye aliyefunga kitabu kabla hawajamaliza kusema. Alilisoma tena neno *peke yake* katika fomu zake, mara thelathini na moja, kwa mwandiko uliokandamiza karatasi mpaka nyuma. Haukuwa mwandiko wa mtu anayetazama. Ulikuwa wa mtu anayekumbuka.

*

Jumatano aliomba ruhusa kwa Mwalimu Mkuu, akaingia darasani bila mkoba. Mifuko alikuwa amepiga magoti akifunga kamba ya kiatu cha mtoto. Aliinua kichwa, macho yao yakakutana.

"Karibu," akasema, kwa sauti anayoitumia kwa wakaguzi.

"Mwalimu, nina swali."

Mkono wa mwalimu ukasita juu ya kamba.

"Naomba kukaa chini ya dirisha. Itamkera?"

"Muulize mwenyewe."

Akaenda. Hakujua ishara zao. Akaonyesha sakafu, akajionyesha kifuani, akainua nyusi. Bibi Saa alimkagua kuanzia viatu hadi nywele, akasogeza kigoda chake nusu hatua, akapiga sakafu kwa kiganja: keti.

Akaketi, na mara chumba kikageuka. Kutoka pale chini hapakuwa na mgongo wa mtu; nyuso zote ishirini na tano zilikuwa zimeelekea kwake. Kando ya mguu wake, mwanga wa jua uliotoka dirishani ulikuwa ukitambaa taratibu kuelekea mstari wa kwanza wa chaki. Mtoto mmoja mwenye mnara wa vibao akageuka, akainua kidole gumba pembeni, kama anayeuliza muda uliobaki. Bibi Saa akamjibu kwa vidole vitatu. Mwingine akageuka. Vidole vitatu. Pacha wawili waliokuwa wakigombania ndoo waligeuka kwa pamoja. Akawakunjia uso, ule uso wa kununa, mashavu yamevimba, na ndoo ikawekwa chini. Kila dakika palikuwa na jicho lililokuja dirishani, likauliza, likajibiwa, likaondoka. Mtafiti alijaribu kuhesabu, akapotea kwenye ishirini na kitu, akaacha.

Mwanga ukagusa chaki. Bibi Saa akainua mikono yote miwili na kutikisa vidole. Waliomwona wakatikisa vyao, wakawagusa mabega wasiomwona, na kufumba na kufumbua vidole mia mbili na hamsini vilikuwa vikimetameta hewani kama majani. Kisha, kimya kimya, vibao vikarudi makashani. Mifuko naye alikuwa ametazama dirishani, ametikisa vyake, akaenda kufungua mlango wa chai.

Nidhamu ya ajabu. Bila kuamriwa.

"Jua husogea," mwalimu akasema alipopita karibu, bila kumtazama. "Kila Jumatatu mimi na yeye tunachora mistari upya. Siku za mawingu namfungia saa yangu, inamfika kiwikoni." Akataka kuendelea, akajizuia, akaenda.

Mwenye macho haambiwi tazama, walisema wa kale. Yeye alikuwa na macho, alikuwa na fomu mia mbili, na alikuwa ameinamia karatasi akiandika kila mara mikono ile ilipoinuliwa.

*

"Ukiiondoa sasa makala uliyoitoa katika ripoti ile," msimamizi wake chuoni alimwambia, "safari ya kongamano imekwenda. Na ile nafasi ya kudumu nayo, sijui."

"Naelewa, Profesa."

"Si unaweza kurekebisha kimya kimya? Tanbihi ndogo?"

"Mtoto hahamishwi kwa tanbihi, Profesa. Anahamishwa kwa ukurasa wa kumi na mbili."

Kikao cha wazazi kilikuwa Ijumaa ya mwisho wa mwezi, saa tisa alasiri, ndani ya darasa lenyewe. Watu wazima waliketi kwenye viti vya chekechea, magoti yamewafika videvuni. Nyanya wa Bibi Saa alikuwa mbele, leso mkononi, mjukuu amemwegemea. Mifuko alikaa nyuma kabisa, karibu na makasha, ameinamia kitu mapajani.

Mtafiti akasimama. Gauni lake lilikuwa lilelile la majivu, ila safari hii halikupigwa pasi. Alisema kwamba ripoti ina kosa, na kwamba kosa si la fomu wala la waliotunga fomu, bali lake. Alieleza alichokiona alipokaa chini ya dirisha.

"Niliandika kwamba mtoto huyu amewekwa tu darasani," alisema, na karatasi ikamtetemeka mkononi. "Ukweli ni kwamba darasa hili linaishi kwa saa yake. Aliyekuwa peke yake katika chumba hiki wakati wa utafiti wangu alikuwa mmoja, na hakuwa yeye."

Mwalimu Mkuu akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Sasa, mtafiti, na hii karatasi ya kwanza niifanyeje?"

"Naomba unirudishie, mama."

"Na ya pili ina takwimu?"

"Haina. Ila ukitaka kuhakikisha, kuna nafasi chini ya dirisha."

Mwalimu Mkuu akalitazama dirisha, akamtazama nyanya, kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia: akainua mikono, akatikisa vidole, kwa woga, kama anayejaribu maji. Bibi Saa akacheka kwa sauti, akamrudishia. Nyanya aliiacha leso ikaanguka. Uhamisho haukuzungumzwa tena.

Wazazi walitoka, wakiwazunguka watoto na viti. Hakuna aliyemjia mtafiti. Aliirudisha karatasi yake mkobani na kujiambia kwamba hilo ni haki, hakuja kulipwa. Kwenye makasha ya nyuma hapakuwa na mtu tena. Akaelekea mlangoni, akiipima korido ile ndefu kwa macho, kama mtu anayejua idadi ya hatua zake.

"Bi Kalamu."

Alikuwa amesimama kando ya mlango, kizibao mwilini, na mfuko wa kushoto, wa juu, ulikuwa bapa. Akampa karatasi iliyokunjwa mara mbili.

Ilikuwa ile fomu yenye vijisanduku iliyompotea siku ya kwanza katika duka la nakala. Mwalimu hakuwahi kuirudisha. Ilijazwa kwa penseli ya kijani.

"Saa tisa na dakika tano: amesimama. Peke yake. Saa tisa na dakika kumi: amesimama, mkono unatetemeka. Peke yake." Iliendelea hivyo mpaka chini. Lakini ubavuni mwa karatasi palichorwa kwa mkono safu ambayo hakuna nchi hata moja kati ya kumi na moja iliyokuwa nayo. Kichwa chake kiliandikwa: *Nani anamtazama?* Na katika kila mstari, jibu moja: *Mimi. Mimi. Mimi.*

Akasoma mpaka herufi zikaanza kuogelea.

"Nilikukasirikia," mwalimu alisema. "Bado kidogo."

"Najua."

"Na sikupokea simu zako. Hilo nalo ni kosa, la kwangu. Nilikuwa na mdomo pia."

Mtafiti akakiwekea kidole kijisanduku cha mwisho, kilichokuwa kitupu. "Hiki mbona hukukijaza?"

Mwalimu akatazama saa yake ya mkononi, kisha akamtazama yeye.

"Dakika tano hazijatimia."

Wakasimama pale mlangoni, bega kwa bega, wakizingoja.